Shangazi, mama yule alidhani maiti wa kitabuni kwangu ni mwanawe

*Barua hii tumeifupisha kidogo na kuondoa majina.*

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 37, naishi Morogoro na mke wangu na watoto wawili. Mchana nafundisha jiografia, usiku naandika riwaya. Naandika za mauaji, ila mauaji yenyewe yanachekesha. Najua mtu akisikia hivyo huniangalia mara mbili. Riwaya yangu ya kwanza inaitwa Jeneza la Mkopo. Kuna seremala anayekopesha majeneza. Wadeni wake wanaanza kufa mmoja mmoja kabla ya kumaliza marejesho, na kila akienda msibani kudai chake anajikuta ameuza jeneza jingine kwa mkopo kwa familia ileile. Mpelelezi wa kesi ni sajenti anayezimia akiona damu, kwa hiyo anapeleleza kitabu kizima akiwa ameangalia pembeni.

Nilipeleka muswada kwa wachapishaji wawili. Mmoja hakujibu hadi leo. Wa pili aliniambia kwa upole kwamba wao wanaishi kwa vitabu vya shule, na hiki hakuna mwalimu mkuu atakayekipokea. Nikaamua kujichapishia. Mke wangu akakopa milioni mbili kwenye kikoba chao, nami nikaongezea, nikaenda Dar nikachapa nakala 500. Maboksi tukayapanga chumbani mpaka kitanda kikasogea dirishani.

Miezi mitatu ya mwanzo niliuza nakala 38, na nusu ya hizo walimu wenzangu walininunulia kwa huruma. Niliweka sura za mwanzo Facebook, nikamalizia na "itaendelea", watu wakasoma bure wakaniandikia "endelea bosi". Kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda riwaya niliambiwa kila aliyemo humo ana kitabu chake anauza, nisubiri zamu.

Ndipo likanijia wazo. Sura ya pili ya kitabu ina tangazo la maiti asiyejulikana. Nililichukua nikalitengenezea picha kwa simu, likaonekana kama la kweli kabisa: "MWILI WA KIJANA WAPATIKANA. Mwili wa kijana wa kiume, umri kati ya miaka 20 na 25, umepatikana kando ya mto. Amevaa shati la drafti na suruali ya jinzi. Mfukoni amekutwa na risiti ya jeneza lililolipiwa nusu. Anayemfahamu apige namba hii." Namba ni ile ninayouzia vitabu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaweka jina la riwaya na bei yake, shilingi 10,000. Mji sikuutaja. Niliona kutoutaja mji ndiyo tahadhari yenyewe.

Shangazi, simu ilipata joto. Wengi walikuwa wameshaing'amua ile risiti, wanapiga huku wanacheka: "Kaka, marehemu alibakiza shilingi ngapi?" Wengine walipiga na wasiwasi, nami nilikuwa na jibu langu moja: "Hongera, umeshaingia kwenye riwaya. Toa elfu kumi utoke." Wanacheka, wananunua. Wiki tano, nakala 430. Kila jioni nilikuwa stendi ya Msamvu na mafurushi yangu nayatuma kwa basi, hadi makondakta wakawa wananiita Jeneza. Deni la kikoba tukalilipa, ikabaki na ya kusongea mbele.

Wiki ya sita, saa kumi na moja alfajiri, simu ikaita. Sauti ya mama mtu mzima. Hakusalimia. Alisema: "Baba, hilo shati la drafti, ni la bluu au la kijani?"

Nilikosa neno. Akauliza, "Hapo ni wapi?" Nikasema Morogoro. Akasema mwanawe ametoka nyumbani tangu mwezi wa saba, na alivaa la kijani. Tangazo alisomewa na kijana wa jirani kwenye simu. Baadaye nililitafuta, nikakuta linalozunguka si picha yangu tena. Kuna mtu ameliandika upya kama ujumbe wa kawaida. Jina la kitabu ameliondoa, risiti ameiondoa, pengine aliona haiingii akilini. Amebakiza mto, shati na namba yangu.

Nilimwambia, "Mama, umekosea namba." Nikakata. Akapiga tena mara saba, sikupokea. Nilipokuwa natafuta pa kumbloki, ukaingia ujumbe, nauandika kama ulivyo: "Baba samahani nimekopa nauli nakuja Morogoro na gari ya asubuhi toka Kilosa nielekeze ni hospitali gani." Nikambloki.

Siku ile nilifundisha vipindi vinne, sijui nilifundisha nini. Jioni sikwenda Msamvu. Niliogopa kumkuta.

Sasa ni miezi minne. Ujumbe bado ninao. Mke wangu hajui, anachojua yeye ni kwamba tangazo liliuza. Riwaya ya pili imekamilika na wasomaji hawaniachi: "Bosi, maiti mwingine lini?" Rafiki yangu anayejichapishia kama mimi anasema promosheni ni promosheni, watu wazima wajifunze kusoma hadi mwisho. Kikoba kimekubali kutukopesha tena, safari hii milioni tatu, na mke wangu anashangaa ninangoja nini.

Nimejaribu kuanza riwaya isiyo na kifo ndani yake. Imekufa ukurasa wa tisa.

Nimtafute yule mama, au nitakuwa namtonesha kidonda? Nikiacha matangazo ya namna ile, kitabu cha pili nitakiuzaje? Na lipo swali ninaloliogopa kuliko hayo: kufanyia mzaha vifo vya watu, hata kama ni kitabuni tu, ni ubaya nilionao moyoni?

Mwalimu wa Usiku,
Morogoro

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la kuungama. Barua yako niliisoma hadi kwa yule sajenti wako anayepeleleza akiwa ameangalia pembeni, nikacheka peke yangu hadi mjukuu akaja kuchungulia. Dakika mbili baadaye nikafika kwenye swali la shati, nikavua miwani. Nakueleza haya kwa kuwa mtu aliyecheka ni huyohuyo aliyevua miwani, na sikujiona mnafiki. Swali lako la mwisho nitalirudia, ila nilitaka ujue hapo kwanza.

Nilivyokuelewa ni hivi. Ulikuwa na kitabu kizuri kisichotoka, maboksi chumbani na deni la mkeo. Ukatoa kipande cha hadithi nje ya kitabu ukakivika nguo za tangazo la kweli. Kikakuletea wasomaji mia nne, kikakuletea na mama mmoja ambaye hakuwa akitafuta kitabu. Ulipomsikia uliogopa ukamwambia uongo. Tangu hapo umeyakunja yote, tangazo, uongo, kitabu, hata tabia yako ya kucheka, ukayafunga furushi moja ukaliita kosa lako. Furushi hilo ni zito kulibeba, na sidhani kama vyote vilivyomo ni vya safari moja. Niruhusu nilifungue.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Baba yangu alipofariki, 1994, watani zetu Wanyamwezi walikuja kama ilivyo ada. Mmoja wao alikuwa fundi baiskeli pale mtaani. Aliingia ndani akatoka na kanzu ya marehemu na kofia yake, akawa anatembea kama baba na kukohoa kama baba, anapita kwa akina mama anadai chai na kuwagombeza kwamba tangu aondoke nyumba imejaa wageni. Mama yangu alikuwa siku ya pili hajatia kitu mdomoni. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akalia kilio ambacho kilikuwa hakijatoka, kisha akaomba uji. Makaburini mtani huyohuyo aliruka shimoni akajilaza, hatoki mpaka apewe chochote. Akapewa. Akatoka, akapokea chepe, akafukia hadi mwisho wakati wajukuu wenyewe wameshachoka.

Kwa hiyo usiniulize mimi kama inafaa kucheka penye kifo. Sisi tumelelewa hivyo, na nadhani hata huko kwenu mna watani wenu. Ninachokumbuka cha siku ile ni kwamba hakuna aliyedhani baba amefufuka. Kila mtu alimjua fundi baiskeli, alijua ni mtani, na alijua utani unaanzia wapi na unaishia wapi. Mama alipocheka alikuwa ameshakubali mwenyewe kuingia kwenye mchezo. Kitabu chako nacho kina kanzu ya kuonekana: kina jalada, kina jina, kina bei. Anayetoa elfu kumi anajua anachokwenda kukuta. Tangazo lako, mwanangu, lilikuwa mtani aliyevaa sare ya polisi akaenda kugonga mlango wa watu asiowajua. Naona hapo ndipo palipoteleza, nawe sasa unataka kumfukuza mtani kabisa, wakati huenda kilichohitajika ni kumvua sare.

Tukiwa hapohapo, nikuulize. Una hakika ni lile tangazo lililouza? Nimeirudia barua yako. Waliopiga wakicheka, unasema mwenyewe, walikuwa wameing'amua risiti ya jeneza. Walivutwa na kitu kisichoaminika. Yule asiyejulikana aliyeliandika upya alipoitoa risiti na jina la kitabu, kilichobaki hakikukuuzia hata nakala moja, kilimleta yule mama. Mimi si mfanyabiashara, lakini kwa macho yangu ya kizee naona kipande kilichouza ndicho kilekile kilicholifanya tangazo lisiaminike. Wapo, ni kweli, wale waliopiga na wasiwasi kisha wakanunua kwa ahueni ya kuambiwa ni hadithi. Hao walikuwa wangapi? Hesabu hiyo mimi sina, iko kwenye simu yako na kwenye kumbukumbu yako. Ukiikuta ni kubwa basi hoja yangu inalegea, na itabidi ujiulize unajisikiaje kula ahueni ya mtu.

Wakati nipo sekondari, miaka ya themanini, riwaya za upelelezi tulizisoma chini ya dawati. Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kitabu kikifika darasani Jumatatu, Ijumaa hakina jalada. Siku hizi watu wanawataja waandishi hao kama vile walizaliwa mashuhuri, wanasahau kwamba nao walilazimika kujiuza wenyewe. Mtobwa alianzisha kampuni yake ya kuchapa, Heko. Musiba naye alikuwa na yake, Continental. Vitabu vilipangwa kwenye meza za magazeti, jalada lina bastola, damu na dada mmoja ambaye ukisoma kitabu chote unamkuta nusu ukurasa. Jalada lilikuwa linadanganya, tena waziwazi, tukalisamehe. Na kabla yao Faraji Katalambulla alitoa kitabu mwaka 1965 akakiita Simu ya Kifo. Jina hilo peke yake ni tangazo, huhitaji kuongeza neno. Lakini hakuna mzazi aliyeliona jina hilo kwenye meza ya magazeti akapanda gari kwenda chumba cha maiti.

Wewe huna meza ya magazeti. Una simu, na simu ina ubaya ambao meza haikuwa nao: kitu kikitoka mkononi mwako, mwingine anaweza kukikata chini, kukiandika upya, kukisukuma mbele kikiwa hakina mwenyewe. Ulidhani kutoutaja mji ni tahadhari. Kumbe kila aliyepotelewa na mtu aliweza kudhani ni mto wa kijijini kwake. Ukiendelea na matangazo ya mzaha, na sioni kwa nini usiendelee, jaribu kufikiria tangazo ambalo hata likikatwa nusu bado linajulikana ni mzaha. Chukua tangazo la mnada: "Jeneza linauzwa, limetumika mara moja, mwenye nalo halalamiki." Au orodha ya bei ya yule seremala wako, yenye punguzo kwa wateja wa kudumu. Likate popote, hakuna mama atakayekupigia alfajiri. Jina la kitabu liwe juu, herufi kubwa. Hata hivyo sikufichi: kitu kinachojulikana ni mzaha hakikimbii kama kitu kinachotisha. Huenda usiuze nakala 430 kwa wiki tano. Huenda zikawa 150 kwa miezi mitatu, na marejesho ya kikoba hayasubiri msomaji acheke.

Ila una kitu ambacho hukuwa nacho mara ya kwanza, na katika barua nzima hukukitaja. Watu zaidi ya mia nne walishakutumia pesa kwa simu, na namba zao unazo. Hao walishasoma, wanajua sajenti anazimia. Wanaokuuliza "maiti mwingine lini" ni hao, na sidhani wanaulizia tangazo. Ukiwaandikia mara moja kwa adabu, asiyetaka asisumbuliwe tena, ukaomba oda za mapema, huenda ukajua kabla ya kwenda Dar kama uchape 500 au 200. Hiyo milioni tatu inaweza kugeuka milioni moja. Au isigeuke, wasomaji ni watu, wanaahidi. Lakini utakuwa umekopa ukiwa na hesabu mkononi.

Kuhusu rafiki yako na watu wazima wasome hadi mwisho: yule mama hakusoma, alisomewa. Naishia hapo.

Neno moja la sheria, na mimi si mwanasheria, muulize anayejua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa mtu anayetoa habari anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, na adhabu iliyoandikwa mle ni faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Nia yako ilikuwa kuuza hadithi na jina la kitabu uliliweka, hiyo ni hoja yako. Lakini herufi ndogo ni hoja ndogo, na wewe ni mwalimu. Sikutishi. Nataka uijue kabla ya kuamua chochote, likiwemo suala la kuungama hadharani, kwani najua mtu mwenye uzito moyoni hushawishika kwenda kuandika yote Facebook usiku mmoja. Ukifanya hivyo utapata pole nyingi na matusi kiasi, na yule mama hatapata kitu.

Sasa tuje kwake.

Unauliza kama utamtonesha kidonda. Ndani ya swali lako kuna mambo mawili umeshayaamua: kwamba kidonda kimefunga, na kwamba kijana hakurudi. Hayo yote hujui. Pengine kijana alirudi wiki ileile, ana shati lake la kijani, mama hakukumbuki hata kidogo. Pengine hakupanda gari. Pengine alipanda, akafika Msamvu, akaulizia hospitali akapewa majibu na wenye kazi yao, akarudi akiwa amejua kwamba mwanawe hayumo. Wewe umeishi miezi minne na picha moja tu, ile mbaya, ya mama kasimama stendi. Ni kazi ya kichwa cha mwandishi, huchagua tukio lenye nguvu. Inawezekana ndilo lililotokea. Inawezekana pia silo.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Ulipomwambia "umekosea namba" ulidhani umefuta. Hebu kaa upande wake wa simu. Ameambiwa kuna mwili. Ameuliza hapo ni wapi, akaambiwa Morogoro. Akaeleza shati, na mtu wa upande wa pili akakata, na namba haikupatikana tena. Akilini mwake anaweza kuwa amebaki na maiti, mji, na mtu anayeficha kitu. Ule ukimya unaouita kutomsumbua, kwake unaweza kuwa unasema jambo ambalo wewe hukulisema.

Sikuamulii. Kila njia ina miiba yake. Ukipiga mwenyewe, atasikia sauti ileile, na anaweza kukutukana, kukulaani, kukushtaki, au kukushukuru, na sijui lipi kati ya hayo litakuuma zaidi. Anaweza kukuomba umsaidie kumtafuta kijana, hapo utajibu nini? Lifikirie kabla. Ukituma ujumbe utajikinga na sauti yake, lakini kumbuka atasomewa na kijana wa jirani, na mambo yake yatakuwa ya mtaa mzima kabla hajayameza. Unaweza kupitia kwa mtu mzima wa hukohuko, shehe, mchungaji au mwenyekiti wa kitongoji, akamkalisha chini akamweleza kwa taratibu, naye akakueleza hali ikoje kabla hujajitokeza. Njia hiyo ina heshima ya kikwetu, lakini habari itapita kinywani mwa mwingine na wewe hutakuwepo kuirekebisha. Na ukiamua kunyamaza, nyamaza ukijua unanyamazia nini.

Ukimtafuta, jihadhari na kitu kimoja. Usianze kwa kuomba msamaha. Neno la kwanza liwe lile analolihitaji yeye: kwamba hapakuwa na mwili, maneno yale yalitoka kitabuni, na aliyeyatunga ni wewe. Msamaha ni haja yako, unaweza kungoja. Nauli aliyokopa nayo ni deni, na kwa mtu aliyeandika kitabu kizima cha madeni sina haja ya kulieleza. Ila pesa ikitangulia mbele ya maelezo atadhani ananunuliwa anyamaze.

Mkeo. Amekukopea mara moja na yuko tayari kukukopea tena, na anachojua ni nusu ya biashara anayoidhamini. Unaogopa atasemaje. Nami naogopa atakavyojua kwa njia nyingine, kwa sababu simu inayouza vitabu hulala sebuleni kama simu nyingine. Inawezekana akakwambia achana na uandishi. Inawezekana pia akawa ndiye wa kukaa pembeni yako unapobonyeza namba ile. Wanawake wa vikoba wamezoea kukaa na watu wenye madeni yasiyolipika, hawashtuki upesi.

Na lile swali unaloliogopa. Uliniandikia ukiwa na huzuni, na katikati ya huzuni hiyo ukaandika kwamba riwaya isiyo na kifo imekufa ukurasa wa tisa. Nilicheka hapo pia. Sidhani ulikusudia mzaha, ndivyo unavyoona mambo. Wapo watu ambao giza likija wanaona kichekesho kwanza, kama fundi baiskeli wetu. Ukijilazimisha kuandika kama mtu mwingine utaendelea kuzika riwaya ukurasa wa tisa. Huenda ukahitaji kupumzika na maiti kwa muda, hiyo ni sawa. Huenda pia ukarudi kwao na kuwaandika vingine. Nina swali la msomaji, usilijibu sasa: yule kijana wa sura ya pili, mwenye shati na risiti, katika kitabu kizima kuna mtu hata mmoja aliyepiga simu kumuulizia?

Rangi ya shati hukunitajia. Kama na kitabuni hukuiandika, basi yule mama ndiye msomaji wa kwanza kugundua kwamba imekosekana.

Ukiamua kumpigia, pumzika kwanza, zungumza na mkeo, toa bloki, kisha chagua saa nne asubuhi au baada ya alasiri, wakati watu wako barazani na kuna wa kumshika mkono. Usipige alfajiri.